Nilimtundikia Mama Mkwe Feni, Nikambomolea Nyumba

Mimi ndiye niliyebomoa. Si mume wangu, si mafundi, wala si Shetani kama mchungaji wetu anavyojaribu kunisaidia kusema. Ni mimi, na siku hiyo nilikuwa na akili zangu zote, nimejifunga leso kiunoni, nikiimba!

Jina langu silitaji. Hapa Ikonge, vilimani Kisii, watu wanalijua, na wanalitaja mtoni vya kutosha. Wewe usiyenijua nisikilize tu, maana huku sina tena wa kumwambia.

Mume wangu ni karani kule Kisumu. Miaka niliyokaa naye huko ndiyo iliyonipa ugonjwa. Si kwamba Kisumu ni kubaya, ni lile joto. Siku moja mke wa mkubwa wake alitualika chai, na sebuleni kwake, juu ya vichwa vyetu, feni ilikuwa ikizunguka taratibu, vitambaa vya makochi vikichezacheza. Nilikaa chini yake nikajiona na mimi ni mtu. Tangu hapo nikimwona mwenye nyumba nzuri swali langu lilikuwa moja tu, kama ana feni na ni ya namna gani.

Sasa sikia ujinga. Tulipojaliwa kujenga nyumba ya mawe nyumbani, niliapa kwamba kila chumba kitakuwa na feni yake. Ikonge! Kama hujafika huku nikueleze. Asubuhi mchuma chai anavaa sweta mbili, na mvua ya mawe ikipita inaacha shamba jeupe na watu wanalia. Huku mtu hatafuti upepo. Upepo anaufungia mlango.

Na stima yenyewe, umeme wa kuzizungusha, haikuwepo! Nguzo zilikuja mpaka kiwanda cha chai zikakoma hapo, na kila mtu akasema zitashuka kwetu karibuni. Mimi nikasema zikishuka zitanikuta tayari.

Jirani yetu Bosibori, mjane mwenye ulimi mkali, aliniuliza ng'ambo ya ua, "Mama Moraa, upepo wa bure umekukosea nini hata uende kuununua?"

Nilimwona ana wivu. Nilimwambia angoje aone.

Nilizichagua mwenyewe katika duka la Mhindi mmoja Kisumu. Yule mzee alikuwa na subira. Alinifundisha kwamba chumba kikubwa kinataka mabawa marefu na chumba kidogo mabawa mafupi, kwamba dari likiwa chini fimbo ya kuning'inizia nayo iwe fupi, na kwamba feni ya chumba cha kulala iwe ile isiyo na kelele. Niliyashika yote kama mafungu ya Biblia. Ya sebuleni nikachukua ya rangi ya mbao, yenye vikombe vinne vya kioo vya kuwekea balbu. Ya chumba cha kulia chakula, ya krimu yenye ukingo wa dhahabu. Ya chumba chetu, nyeupe ya mabawa marefu. Watoto nikawachagulia ya buluu.

Halafu nikachagua moja zaidi. Ndogo, nzuri kuliko zote, mabawa yake yamechorwa maua ya waridi, na kamba ya kuvutia yenye ushanga mwishoni. Hiyo ilikuwa ya mama mkwe wangu. Mungu wangu, jinsi nilivyoifunga kwa magazeti isikwaruzwe!

Niwaeleze juu ya mama huyu, msije mkadhani tulikuwa na ugomvi. Hatukuwa nao. Alinipokea nikiwa msichana nisiyejua kusonga wimbi, akanifundisha bila kunicheka. Nilipojifungua Moraa nikashikwa na homa, yeye ndiye aliyenikanda na kunipikia uji, akilala sakafuni karibu na mlango. Mume wake alikwisha kufa. Mwana alikuwa na mmoja tu, huyu wangu. Mali yake ilikuwa migomba yake, Biblia yake, na nyumba yake.

Nyumba yenyewe ya udongo, ya msonge, nyasi juu. Ndani mafiga matatu, na juu ya moto dari la fito alilokaushia wimbi na mahindi ya mbegu. Alikuwa ameolewa humo. Alimzaa mume wangu humo.

Na ilikuwa mbele kabisa ya nyumba yangu mpya! Mtu akisimama barabarani anaona kwanza nyasi nyeusi, ndipo anaona mabati yangu. Tena moshi. Kila jioni moshi ulipenya kwenye nyasi zake, ukavuka ua, ukaingia madirishani kwangu. Mbao zangu nyeupe za dari zikaanza kuwa za manjano. Feni ya krimu nikaipangusa leo, kesho kutwa ina utando. Nilikuwa napanda juu ya stuli na kitambaa, nasugua bawa moja moja la feni isiyozunguka, huku nalaani moshi wa mama aliyenikanda.

Nilikuwa nimemtengea chumba ndani ya nyumba yangu. Hapo ndipo ilipo dhambi yenyewe, maana mimi si mgeni wa mila. Mimi ni Mkisii, mtoto wa Wakisii. Kwetu mzazi halali chini ya paa moja na mwanawe aliyeoa. Tunaziita chinsoni, heshima za mzazi na mtoto, na hata sisi tunaosali tunazishika. Nilizijua tangu utotoni. Ila nilijiambia kwamba hizo ni za watu wa giza, na kwamba mama akiona ule ushanga na yale maua, atanyamaza alale. Nilidhani kitu kizuri kinaweza kununua heshima ya mtu.

Mwezi wa nane alikwenda makambi Nyaramba, lile juma la mahubiri ambalo sisi Wasabato hatulikosi. Alifunga blanketi lake na sufuria ndogo, akaniambia, "Mokamwana, uniangalizie moto usizime." Mokamwana ni mke wa mwana. Aliniita hivyo kwa upendo siku zote.

Nikamwambia, "Nenda kwa amani, mama. Ukirudi utafurahi."

Nilitafuta vijana wawili wenye majembe. Walipofika mlangoni pake walisita. Mmoja akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

"Ameniachia mimi kazi hii," nikasema.

Uongo! Uongo mchana kweupe, mbele ya watoto wangu. Wakapanda, wakang'oa nyasi, wakaangusha kuta. Wimbi lake nikalitia kwenye magunia nikaliweka stoo, nikajiona mwangalifu. Fundi aliyekuwa akinimalizia baraza alihitaji mawe ya kujazia chini kabla ya kumwaga saruji. Akayaona mafiga. Akaniuliza kwa macho tu. Nikaitikia kwa kichwa.

Yako chini ya baraza yangu mpaka sasa hivi ninapoandika. Nikitoka nje nayakanyaga.

Alirudi siku ya Jumapili, kifurushi kichwani, bado anaimba nyimbo za kambi. Alipopinda kwenye migomba akanyamaza. Alitazama pale. Akatazama nyuma, kama mtu aliyepotea njia. Kisha akanitazama mimi.

"Mokamwana, nyumba yangu iko wapi?"

"Mama, njoo uone chumba chako!" Nilikuwa nacheka. Nilimshika mkono. Alivua viatu mlangoni, akaingia kama anaingia ofisini kwa mtu. Nilimwonyesha kitanda, nikamwonyesha juu. Aliiangalia ile feni muda mrefu.

"Hii ni nini?"

"Ni ya kukupa hewa, mama. Stima ikija utavuta hapa kwenye ushanga."

"Mimi nimeomba hewa?" Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua kweli. "Moto nitawasha wapi?"

"Jiko liko nyuma, tutapikia pamoja."

"Na ninyi mnalala wapi?"

Nilimwonyesha ukuta. Akauweka mkono kwenye ukuta ule, akauondoa haraka kama umemchoma.

"Kwa hivyo mwanangu akija kutoka kazini nitamsikia akikohoa ndani ya chumba cha mkewe," akasema. "Mimi, katika uzee huu. Mama Moraa, umenivua nguo."

Hakuniita tena mokamwana. Alitoka, akavaa viatu, akakaa juu ya lundo la nyasi zilizobaki za nyumba yake. Nilimpelekea chai, akasema asante, ikapoa hapo. Jioni Bosibori alikuja akamshika mkono, akamlaza jikoni kwake. Kulipokucha akapanda basi kwenda Birongo, kwa kaka yake.

Wewe usiye wa huku labda hujaelewa uzito wake. Mwanamke aliyeolewa, mwenye wajukuu, aliyekwisha kumzika mume wake katika boma lile, kurudi kwa kaka yake na kifurushi! Ni kama kusema maisha yake yote ya ndoa yalikuwa ya kuazima. Wake za ndugu zake walimuuliza kama amefukuzwa. Niliambiwa baadaye kwamba alijibu, "Hapana, nimekuja kuwasalimia." Hivyo alinificha mimi, hata kule.

Baba Moraa alikuja mwisho wa mwezi na mikate ya mjini. Alisimama uani, mikate kwapani.

"Mama yuko wapi?"

Nilimweleza. Nilidhani atanipiga, na afadhali angenipiga! Aliweka mikate chini, akaenda Birongo siku hiyo hiyo. Aliporudi alisema mama hadai fidia wala hataki mashauri ya wazee. Anataka kijumba cha udongo, mlango mmoja, mahali pa moto. Hata nyuma kwenye migomba kama mbele kunatuaibisha. Kikisimama atarudi.

Hicho tu! Na ni lazima mwana ndiye asimamishe nguzo ya kwanza. Mimi mke siwezi kuisimamisha hata nikitaka.

Ungefikiri tulikijenga kesho yake. Sikilizeni, haya ninayoyasema sasa ndiyo yanayonikondesha kuliko hata kule kubomoa. Nilimzuia. Nilimwambia mume wangu mvua ni nyingi, udongo hautashika. Mvua ikapungua, nikamwambia chai imekomaa, vibarua wote wako shambani. Chai ikachumwa, nikamwambia tungoje Krismasi, labda stima itakuwa imefika, mama akiona feni inazunguka moyo wake utalainika. Nilimwambia, "Tukijenga kibanda cha matope nyuma ya nyumba ya mawe watu watasema tumemtupa mama yako." Yeye ni mtu mpole asiyependa makelele, na likizo zake ni fupi. Kila mara alisema sawa, safari ijayo.

Na mimi kila Ijumaa nazipangusa feni zangu. Sasa hakukuwa na moshi, ziling'aa. Wageni waliingia, wakaangalia juu, wakasema "Aa!" kisha wakauliza, "Na mama yuko wapi?" Ikawa kila mgeni ni vivyo hivyo. Nikaanza kuwachukia wageni.

Mvua za masika zilipoanza, habari zikaja kwamba mama anaumwa kifua. Nikaamka! Nilichukua wanawake watatu wa kanisa na Bosibori, tukaenda Birongo. Tulimkuta karibu na moto wa wifi yake, amejifunga blanketi lile la makambi, mikono imekuwa kama ya mtoto. Nilianguka magotini. Alinisalimu vizuri, akauliza kila mtoto kwa jina, akauliza kama ndizi zake zimezaa.

"Mama, nimekuja kukuchukua," nikasema.

"Kunipeleka wapi?"

"Nyumbani."

Alikohoa, akangoja kikohozi kipite. "Nyumbani kuna nyumba?"

Wale wanawake wa kanisa wakaangalia chini. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona, hata mikono yangu sikujua niiweke wapi.

"Usilie," akaniambia. "Mwambie mwanangu akate nguzo moja tu, aisimamishe. Nikisikia imesimama nitakuja, hata kwa kubebwa. Sitaki kufia kwa watu."

Nilitoka pale nikikimbia, mimi mwanamke mzima, viatu mkononi! Nilimtumia mume wangu habari kwa utingo wa basi la Kisumu, nikalia mbele ya yule utingo mpaka akaniapia kwamba atamkuta kazini. Baba Moraa alikuja bila ruhusa ya mkubwa wake. Alishuka moja kwa moja kwenye mikaratusi yetu na shoka. Nilimfuata. Yeye anakata, mimi navuta matawi, na moyoni nasema Bwana, nipe siku chache tu, nipe siku chache nitengeneze. Nguzo ya kwanza ilikuwa chini, anaichonga ncha, alipotokea mtoto wa mjomba wake kutoka Birongo. Alikuwa amesimama mbali, kofia mkononi, kama mtu anayeleta habari ya msiba.

Mume wangu aliendelea kuchonga. Alimwona, akaendelea kuchonga.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipojua mila ni nini. Wazee wa ukoo walikuja, wakakaa nje, wakaiangalia nyumba yangu ya mawe na vyumba vyake na feni zake. Mchungaji akasema basi mwili uletwe sebuleni, pana nafasi. Mzee mmoja akamjibu kwa upole, "Mchungaji, huyu mama hana mlango hapa. Hatuwezi kumlaza kwa mokamwana wake. Na bila nyumba tutamzikaje, kama mpita njia?"

Ikaamuliwa ajengewe kwanza.

Wakaja! Ukoo mzima, na majirani, na watu niliokuwa nimemwambia mume wangu kwamba hawana nafasi, wako kwenye chai. Wanaume wakachimba mashimo pale pale ilipokuwa ile ya zamani, juu ya maua niliyokuwa nimepanda hapo. Mume wangu akasimamisha nguzo yake. Wengine wakafunga fito, wengine wakapanda kuezeka. Wanawake wakakanyaga udongo, sketi zimefungwa juu ya magoti. Mimi nilichota maji. Hakuna aliyenikataza na hakuna aliyeniambia asante. Udongo uliosemwa hautashika ulishika. Ndiyo, mimi niliyesema.

Jua lilikuwa bado liko juu ya vilima nyumba ilipokwisha. Mlango mmoja. Mahali pa moto. Bosibori alinyoosha mgongo, matope mpaka viwikoni, akaizunguka yote kwa macho.

"Kumbe ilikuwa kazi ya siku moja," akasema.

Hakuniambia mimi. Aliuambia ule ukuta. Nikachukua mtungi nikashuka tena mtoni, ingawa maji hayakuhitajika tena.

Kesho yake mama aliletwa kwa pikapu, akaingizwa katika nyumba yake, kuta bado zinatoa maji. Akalala humo, watu wakamwimbia, akatolewa kwa mlango wake mwenyewe, akazikwa kando. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Wazee walisema imekwenda vizuri.

Mume wangu amerudi Kisumu. Anatuma chakula cha watoto, anatuma salamu kwa watoto. Nilimwandikia kwamba nitaziteremsha feni zote nizitupe, akamtuma mtu aniambie niziache palepale, nilizitaka. Nikilala kitandani mabawa yale meupe yananitazama. Stima haijafika. Wiki hii nilimkuta Moraa nyuma ya ile nyumba ya udongo, akigusa ukuta. Akaniuliza kwa nini hatukumjengea nyanya alipokuwa anaiomba. Mtoto wa darasa la tatu. Nilimwambia aende akalete kuni.

Nimemaliza. Sitaki mnihurumie, na wale mtakaonitukana nawaambia mmechelewa, nimekwisha kujitukana vya kutosha. Ila wewe mwanamke mwenzangu uliye na nyumba nzuri, au wewe kijana unayemletea mama yako vitu vya mjini ambavyo hakukuagiza, nakusihi! Mzee akikuomba kitu kidogo usimpe kikubwa badala yake. Usimwambie angoje mvua ipite. Mpe alichoomba, mpe leo. Maana utampa tu, tena siku hiyo ukoo mzima utakuja kukusaidia, na kitakwisha kabla ya jua kuzama, na hatakuwepo wa kuwasha moto.